Komwe ya Saba

Kazi yangu ilikuwa kusimama. Kwa miaka thelathini na moja nilisimama juani Mombasa, nimevaa koti jeupe na kofia pana, nikitazama mpira wa kriketi, na nilipoulizwa nilijibu. Marehemu mama yangu, Bi Mwanaesha, kila majirani zake wa mtaa wa Mkomani hapa Amu, yaani Lamu, walipomuuliza mwanawe afanya kazi gani huko, aliwaambia kwamba avaa koti la daktari ila hajamtibu mtu. Hakukosea sana.

Sasa nimestaafu na kurudi nyumbani, na Mwalimu Zuhura, anayefundisha wasichana kriketi katika shule moja ya Mokowe, ameniomba niwaandikie nyinyi vijana sita mnaojifunza uamuzi. Alitaka vidokezo. Nikamwambia vidokezo sina, nina makosa. Akasema, "Hayo ndiyo mazuri zaidi, Bwana Lali, andika." Nimemweka miezi mitatu akingoja, na sababu ni ova moja tu ambayo nimeikwepa tangu nywele zangu zikiwa nyeusi. Nitaifikia, ila kwanza mnijue nilikotoka.

Niliingia kriketi kwa njia ya mkeka. Baba alikuwa msokota kamba, nami nilisokota makumbi ya nazi tangu nikiwa na meno ya utotoni. Kriketi huchezwa juu ya ukanda wa ardhi ngumu, na katika klabu moja ya Mombasa ukanda huo ulitandikwa mkeka mrefu wa makumbi ili mpira uruke sawasawa. Mkeka ulikuwa umechakaa, wakatafuta fundi kutoka Lamu, nikaenda. Nilikuwa na umri wa miaka ishirini na miwili, na sikuwa nimewahi kuuona mchezo huo hata siku moja.

Siku ya kwanza nilishona vizuri lakini pembe moja sikuivuta ikakaza. Mpira wa nne ukapiga kunjo la pembe ile, ukaruka, ukampiga kidevuni mwenyekiti wa klabu, naye akalala chali akiangalia mbingu. Nilianza kufunga virago kabla hajainuka. Mwamuzi, mzee mwembamba mwenye miwani, akaja polepole, akainua ile pembe kwa vidole viwili, akaichunguza, kisha akanitazama.

"Wewe ndiye fundi?"

"Ndimi, bwana. Naondoka."

"Uende wapi? Wewe sasa ndiye mtu pekee hapa anayejua mkeka huu una kosa gani. Kaza hiyo pembe, tuendelee."

Huyo ndiye Bwana Kanji, karani mstaafu wa ofisi ya mizigo, mzaliwa wa Mombasa, na mwalimu wangu. Nilikaza pembe. Mwenyekiti akaendelea kucheza na kitambaa kidevuni, na alipotoka mchezoni akanipa mkono. Nikajiambia, watu hawa ni wa ajabu, acha nikae niwatazame.

Mwaka mzima nilitandika mkeka asubuhi na kuukunja jioni, na katikati nikasimama nyuma ya Bwana Kanji nikisikiliza anavyonong'ona. Alikuwa anahesabu. Katika kriketi mrushaji mmoja hurusha mpira mara sita, na mirusho hiyo sita huitwa ova. Ova ikiisha, mrushaji mwingine huanza kutoka upande wa pili. Anayehesabu ni mwamuzi, wala hakuna atakayemkumbusha. Bwana Kanji alikuwa na vifungo sita vyeusi alivyovikata kwenye koti la marehemu baba yake. Kabla ya ova vyote vilikuwa mfuko wa kushoto, na kila mrusho kimoja kilihamia kulia. Kushoto kukibaki kutupu, alitamka, "Ova!"

Alinipa amri moja kabla ya nyingine zote, nami nawapa nyinyi. Kila unapoingia uwanjani, uwe umetoka chai, umetoka chakula, au umetoka kujisaidia, kabla ya mrusho wa kwanza tia mkono mfukoni uvihesabu kwa ncha za vidole. Hata kama unajua ni sita. Hasa kama unajua ni sita.

Yeye alinifundisha sheria, mimi nikamfundisha bao. Alikuja na bao lake jipya la mninga na komwe sitini na nne, akadhani mtu aliyefanya hesabu za mizigo maisha yake yote hatashindwa na mbegu. Nilimfunga miezi minane mfululizo. Mwezi wa tisa akanifunga, na siku hiyo aliinunulia klabu nzima sambusa. Kwetu Amu bao likianzwa halivunjwi. Anayeinuka kabla ya mwisho amekimbia, na atachekwa mpaka Idi. Bwana Kanji aliishika mila hiyo kuliko Mwamu yeyote.

Nilipopasi mtihani wa uamuzi nilikuja Amu kumpa mama habari. Nikamweleza kwamba mpigaji akitolewa mchezoni, mimi huinua kidole hiki. Mama akakishika kidole changu cha shahada, akakigeuza huku na huku.

"Lali, mwanangu," akasema, "chanda hichi ndicho umshuhudiacho Mngu nacho kuwa ni mmoya. Usikitie urongo kwa sababu ya mtezo."

Akaingia ndani akatoka na kifundo cha kitambaa. "Tukua hizi. Ni komwe sita, nimezitagua moya moya. Hazilii mfukoni."

Ni kweli hazikulia. Komwe ni mbegu ngumu, ya kijivu, laini, na ukiishika haikukwaruzi. Nilizitumia miaka yote. Wenzangu walikuja na vihesabio vya kubonyeza kutoka ng'ambo, na vyote vilikwama kwa jasho la Mombasa.

Jambo la pili mlishike ni kwamba mwamuzi hasemi asipoulizwa. Mpigaji anaweza kuwa ametoka mbele ya macho yako, lakini mpaka wanaorusha wapige ukelele wao, "Hauzati!", maana yake huyu vipi, wewe ni jiwe. Na wakishauliza, usijibu upesi. Kwa sababu ya maneno ya mama nilijizoeza kusema Bismillahi kimoyomoyo, yote, mpaka mwisho, ndipo niamue. Wachezaji wa Mombasa walilalamika kwamba nawapandisha presha. Nahodha mmoja aliniuliza kama nasoma khitma.

Watu niliowaona uwanjani siwezi kuwamaliza. Kulikuwa na mdakaji mmoja mrefu, fundi wa magari, tulimwita Salim Spana. Mpira ukidakwa kabla ya kugusa chini, mpigaji ametoka. Salim alidaka mpira chini kabisa, wenzake wote wakapiga ukelele, nami nikaanza kuinua mkono. Akaja mbio. "Refa, umegusa mchanga kwanza." Sikuwa nimeona, na hakuna aliyekuwa ameona ila yeye. Mpigaji akabaki, akaendelea kuwachapa, timu ya Salim ikashindwa. Wakati wa chakula wenzake walikaa meza nyingine. Nilichukua sahani yangu nikakaa naye, jambo ambalo mwamuzi hatakiwi kufanya, na sijutii. Mabingwa wengi nimewasahau majina, Salim Spana simsahau.

Nawaona mnavyonionyesha kwenye simu jinsi mataifa makubwa yanavyogombana. India na Pakistan, Australia na Uingereza, mpigaji hataki kutoka, refa anatukanwa, mashine inarudisha picha polepole mpaka unaona nyuzi za mpira. Mnaniuliza kama ningependa mashine ile enzi zangu. Ningeipenda sana. Lakini mashine inatazama mpira ulivyokwenda. Niliyoyafanya mimi yalikuwa mfukoni.

Basi tufike kwenye ova yenyewe.

Ilikuwa mechi ya Kenya na Uganda, siku moja, uwanja wetu wa Mombasa. Siku hizo mechi za majirani ziliitwa za kirafiki, na urafiki wenyewe uliishia kwenye barua ya mwaliko. Kila nchi ilitoa mwamuzi mmoja. Bwana Kanji alikuwa ameshaacha kusimama kwa sababu ya macho, akakaa meza ya waandishi wa alama. Huko kila mrusho huandikwa. Mpigaji akipata mbio, yaani alama za kukimbia kutoka upande mmoja wa ukanda hadi wa pili, mwandishi anaandika hesabu yake, asipopata anaweka doti.

Ulipofika wakati wa chai Uganda walikuwa wametolewa wachezaji tisa, wakihitaji mbio nane washinde. Akitolewa mmoja zaidi, mchezo umekwisha. Waliobaki uwanjani walikuwa wawili. Mmoja ni Bwana Mugerwa, mpigaji wao mkubwa, aliyekuwa amesimama tangu kabla ya adhuhuri akipigana peke yake. Sijaona mtu akilinda vile vijiti vitatu vya nyuma yake, ambavyo mpira ukivigonga mpigaji ametoka, kwa utulivu ule. Mwenzake alikuwa mtu wa kumi na moja, ambaye kazi yake ni kurusha, na gongo la kupigia alilishika kama aliyepewa mwavuli wa mtu mwingine. Ujanja wa Mugerwa ulikuwa wazi kwa kila mtu. Apokee yeye mirusho, na huyu mwenzake asikutane na mpira hata mmoja.

Wakati wa chai mimi na Bwana Kanji tuliendelea na bao tulilolianza asubuhi. Tulikuwa bado tunanamua, yaani kila mtu anatia komwe moja moja kutoka akiba yake. Nilikuwa nimeshika komwe yangu, nikitafuta shimo la kuitia, na nililipata moja zuri ambalo lingemmaliza mzee. Kengele ikalia. Nahodha wa Kenya akaniita kutoka mlangoni. Ningeitia tu ile komwe ningekuwa nimecheza, lakini nilitaka kupiga hesabu ya mashimo yanayofuata. Na kuiacha mezani nilikataa, maana ningeonekana nimeikimbia zamu yangu.

"Nakuja nayo," nikamwambia Bwana Kanji, na nikaitia mfukoni. Mfuko wa kushoto.

Nilitembea mpaka katikati ya uwanja nikiwaza shimo lile. Sikuhesabu kwa vidole. Ndiyo siku pekee, nami nilijua ni sita.

Ova ya kwanza baada ya chai ilianzia upande wangu, na Mugerwa ndiye aliyekuwa anapokea. Mrusho wa kwanza aliuacha. Wa pili aliupiga ukapita kamba ya mpaka, mbio nne kwa mkupuo, ukaingia kwenye michongoma ya jirani. Zilibaki nne. Uwanja mzima ukasimama, watu wakatafuta mpira, mwenzangu kutoka Uganda akaenda kusaidia, na aliporudi akanionyesha kwa mkono kwamba hesabu imempotea. Imebaki mingapi? Nikapapasa mfuko wa kushoto, nikamwonyesha vidole vitano. Akaitikia. Ilibaki minne.

Wa tatu, wa nne na wa tano hakupata kitu. Wa sita aliusukuma, akataka kukimbia mbio moja ili abadilishane upande na kubaki mpokeaji ova ijayo, lakini mlinzi mmoja akauokota mpira haraka, Mugerwa akarudi. Hapo ndipo nilipopaswa kutamka "Ova!" na mpira uende upande wa pili, kwa yule mwenye mwavuli. Nilipapasa. Komwe moja ilikuwapo. Nikanyamaza, mrushaji akageuka, akaja.

Mpira ulimgonga Mugerwa mguuni, mguu ukiwa umeziba vijiti. Sheria inasema mpira ambao ungevigonga vijiti ukizuiwa na mguu, mpigaji ametoka, akiona mwamuzi hivyo. Watu kumi na mmoja wakapiga ukelele. Nikasema Bismillahi yangu yote. Niliona wazi kuliko ninavyoiona karatasi hii, mguu ulikuwa mbele. Nikainua kidole.

Mashabiki wa Uganda waliokuja na mabasi wakalipuka. Mwizi! Refa wa nyumbani! Chupa ya maji ikaniangukia miguuni. Mugerwa akanitazama, muda mrefu kidogo kuliko mtu anavyomtazama refa, kisha akaweka gongo kwapani, akanijia, akanipa mkono.

"Umeamua sawa," akasema. Kisha akawaelekea watu wake akawainulia mkono wanyamaze, na kweli wakapungua sauti.

Nilifurahi, nakiri. Nilitoka uwanjani nikijiona mwamuzi. Kwenye ngazi nikatia mkono mfuko wa kulia kuzitoa komwe za mama nizifunge kitambaani, zikatoka saba.

Nilikwenda meza ya waandishi. Watu walikuwa wanambeba nahodha wetu. Bwana Kanji alikuwa ameketi, kitabu kikiwa wazi, kidole chake kwenye ova ile. Doti, nne, doti, doti, doti, doti, na alama ya kutoka. Saba.

"Uliona?" nikamuuliza.

"Niliandika. Mwandishi hapigi kelele, nawe hukunitazama." Akavua miwani akaifuta. "Sheria waijua. Mwamuzi akikosea hesabu, ova ni ile aliyoihesabu. Matokeo yanabaki. Sheria imekusitiri, Lali."

"Na yule mtu?"

Akalitazama bao lililokuwa pale pembeni, lina shimo moja lisilotiwa kitu. "Ilikuwa zamu yako," akasema.

Nilikwenda chumba cha wageni kumwambia Mugerwa. Nilifika mlangoni. Ndani wenzake walikuwa wanasema maneno makali juu yangu, na nikasikia sauti yake. "Nyamazeni. Mguu ulikuwa mbele. Refa hana kosa." Wakanyamaza. Nami nikageuka nikaondoka. Njiani nilijiambia nimemhurumia, kwamba si vizuri kumwaibisha mtu mbele ya wenzake baada ya kunitetea. Uongo huo ulinitosha mpaka nilipofika nyumbani. Niliogopa, basi. Niliogopa kuitwa mwizi kwa haki.

Yaliyofuata ndiyo yaliyonichoma zaidi. Ubishi juu ya ule mguu haukuisha miaka mingi, Kampala na Mombasa, wengine wakichora vijiti kwenye karatasi za sigara kuonyesha mpira ungepita wapi. Kwetu nikatolewa mfano kwenye mafunzo, "Tazameni Bwana Lali, alisimama kwenye haki watu wanamrushia chupa." Nchi mbili ziligombana juu ya jambo nililoliamua sawa, na lile nililokosea hakuna aliyelitaja. Kitabu cha alama kilikuwa kabatini, alama zake saba, na aliyetaka angesoma. Hakuna aliyetaka.

Sikulicheza tena bao siku ya mechi. Bwana Kanji naye hakunidai komwe yake. Jioni ileile alitoa kifungo kimoja katika vile sita vya baba yake akakitia baoni kujaza pengo, na tukacheza hivyo miaka yote, komwe sitini na tatu na kifungo cheusi. Alipofariki, binti yake aliniletea bao. Alisema baba yake aliacha neno kwamba kifungo kisiondolewe ila nami mwenyewe.

Miezi mitatu iliyopita nilivuka kwenda Mokowe mara ya kwanza. Mlikaa sakafuni, na msichana mmoja wenu, Khadija, akaniuliza, "Bwana Lali, ushawahi kukosea mpaka mtu akashindwa bure?" Nikajibu nimekosea mara nyingi, nikawapa hadithi ya mkeka na kidevu cha mwenyekiti, mkacheka. Khadija hakucheka. Alinitazama vilevile Mugerwa alivyonitazama. Niliporudi nyumbani nilimwambia mke wangu kwamba siwezi kuwaandikia watoto wale, maana aliyeuliza hakujibiwa. Mke wangu akasema, "Basi mjibu." Kwake mambo ni mepesi.

Wiki mbili zilizopita, kama saa nne asubuhi, Famau wa boti alinipigia hodi. Famau hupeleka wageni baina ya Shela na hoteli za Ras Kitau, ng'ambo kisiwani Manda.

"Bwana Lali, una mgeni yuwaja. Alikuwa anieleza mtezo wa gongo na vijiti ndia nzima, nikamwambia sisi huku Amu tuna mzee wa mtezo huo. Kasikia dina lako, kasimama botini karibu atutose."

Nyuma yake akaingia mzee mnene wa kofia ya majani, anashikilia ukuta wa daka, ukumbi wetu wa mlangoni, ananitazama akicheka. Nilimjua kwa mabega. Alikuwa amekuja mapumzikoni na wajukuu zake.

"Bwana Refa," akasema. Kiswahili chake ni cha kuungaunga lakini kinafika. "Bado umesimama?"

"Nimeketi sasa. Karibu, Bwana Mugerwa."

Tuliketi dakani. Mke wangu akaleta kahawa na visheti. Tulitaja waliokufa, tukawaombea, tukataja magoti yetu. Akaliona bao pembeni, akasema kwao wana mchezo kama huo, unaitwa omweso, na akaanza kuziokota mbegu kuzipima mkononi. Kidole chake kikafika kwenye kifungo.

"Hiki kimefuata nini hapa?"

Nilikuwa na jibu jepesi tayari, kwamba imepotea komwe. Nikasema Bismillahi, yote, mpaka mwisho. Kisha nikaingia ndani, nikatoa kitambaa cha mama, nikakifungua mbele yake, nikamweleza. Bao, kengele, mfuko wa kushoto, vidole vitano, alama saba kitabuni. Nikamwambia nilifika mlangoni kwake siku ile nikarudi. Nikamwambia, "Nilikutoa kwa mpira ambao haukuwapo, ukanishika mkono, nami nikakaa kimya miaka yote hii. Nisamehe."

Alikuwa anaizungusha ile komwe ya saba kwenye kiganja.

"Nilijua," akasema.

"Ulijua?"

"Mimi nimesimama pale tangu asubuhi, nalinda yule ndugu yangu asipate mpira hata mmoja. Unafikiri nilikuwa sihesabu? Mpira wa sita nimeshindwa kukimbia, moyo umekufa. Nikasema sasa refa ataita ova, huyu atapokea, tumekwisha. Nikangoja uite. Hukuita." Akanitazama. "Ningeweza kusema, Bwana Refa, ni sita. Sheria inaruhusu kuuliza. Lakini nilikuwa nautaka ule mpira, Lali. Niliutaka sana. Nikasema Mungu amenipa mmoja wa bure, nitaupiga uvuke kamba, tushinde, na nani atajua?"

Kahawa yangu ilikuwa imepoa. Nikaishika tu.

"Basi ningewaacha vipi wale wanaokuita mwizi?" akaendelea. "Mimi ndiye niliyeiba. Nimeiba mpira, na mpira huohuo ukanigonga mguu. Kwetu wananisifu mpaka leo, Mugerwa muungwana, alimpa refa mkono. Kila wakisifu nataka kuingia chini ya meza."

Nikaanza kucheka. Sikutaka, ila nilicheka mpaka machozi, naye akacheka, tumbo lake likatikisa meza ya kahawa. Mke wangu akachungulia kutoka ndani kuona wazee hawa wamepatwa na nini. Mimi nilikuwa namhusudu na kumpenda mtu huyu kwa pamoja. Mtu wa utu mdogo kuliko wake angekaa kimya nikishamwomba radhi. Angesamehe, akanywa kahawa, akarudi Ras Kitau na heshima yake yote, nami ningemshukuru mpaka kaburini.

Nikamweleza juu yenu, na juu ya Khadija na swali lake. Nikamuuliza kama ananiruhusu niliandike jambo hili, na jina lake.

Akakigusa kifungo cha Bwana Kanji, nami nikakitoa kwa mkono wangu, na mahali pake kwenye lile shimo akaiangusha komwe ya saba. Ikalia kidogo kwenye mninga.

"Andika," akasema. "Nilihesabu, nikanyamaza. Hilo andika. Lakini Bwana Refa, andika na lile la mguu. Wasije wakadhani nalo ulikosea."

Basi Khadija, jibu lako hili hapa. Mpira ulikuwa wa saba. Na mguu ulikuwa mbele.